Kukipunguza Kitambi Kuanzia Jikoni: Mwongozo Kamili

Mwaka juzi nilipeleka kitambaa kwa fundi anishonee suruali mbili za kazini. Akanizungushia futi kamba kiunoni, akaandika 41 kwenye daftari lake, kisha akafunua kurasa za nyuma mpaka alipoliona jina langu. Miaka minne kabla ilikuwa 35. Hakusema kitu. Aliniuliza tu kama aache kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma, kama tulivyofanya mara iliyopita.

Inchi 41 ni sentimita 104, nami urefu wangu ni sentimita 170. Siku hizo mke wangu alikuwa akinitikisa usiku mara mbili tatu, maana nilikuwa nakoroma halafu pumzi inakatika, kimya, mpaka anashikwa na hofu. Nilipokwenda kupima nikakuta presha 148/94 na sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.4, vyote juu ya kawaida. Sikuwa nasikia maumivu popote. Mtaani watu walikuwa wakiniambia nimependeza.

Sifa hiyo ina historia yake. Waliokulia miaka ya themanini na tisini wanakumbuka jinsi kukonda kulivyotisha. Jirani akipungua uzito, minong'ono ya UKIMWI ilianza hata kabla hajaugua. Mwili mnene ukawa cheti cha afya, na kitambi kikawa cheti cha kazi nzuri. Siwalaumu waliotulea na fikra hizo. Nauandika mwongozo huu kwa sababu miezi kumi baadaye fundi yuleyule aliandika 36, na katika miezi hiyo niliona kwamba sehemu kubwa ya kazi haikufanyika uwanjani wala jimu. Ilifanyika jikoni, kwenye chupa ya mafuta ya kupikia.

Ndani ya kitambi kuna nini

Shika nyama ya tumbo kwa vidole viwili. Unachokishika ni mafuta ya chini ya ngozi, na hayo madhara yake si makubwa sana. Yenye hatari ni yale usiyoweza kuyashika, yaliyojazana nyuma ya ukuta wa misuli ya tumbo na kuuzunguka utumbo, mengine yakapenya mpaka kwenye ini na kongosho. Ndiyo maana kitambi cha wanaume wengi ukikigonga ni kigumu kama ngoma. Kimesukumwa kutoka ndani.

Mafuta haya hayakai kimya kama gunia ghalani. Kila saa yanaachia asidi za mafuta na kemikali zinazochokonoa mwili, na damu ya sehemu hiyo hupita kwenye mshipa mkubwa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa huanza kujaza mafuta ndani yake lenyewe, humwaga sukari na mafuta zaidi kwenye damu, na mwili huacha kuitii insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi na zaidi mpaka linachoka. Hapo kisukari cha aina ya pili kinaingia, na presha na lehemu (kolesteroli) mbaya huja katika msafara huohuo.

Daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika juu ya jambo hili tangu mwaka 1947: wanene waliojaza tumboni walipata kisukari na magonjwa ya moyo zaidi kuliko waliojaza mapajani na kwenye makalio. Baadaye utafiti wa INTERHEART, uliohusisha watu wapatao 27,000 katika nchi 52, Afrika ikiwemo, ulionyesha kuwa kiuno kikilinganishwa na nyonga hutabiri shambulio la moyo vizuri kuliko uzito ukilinganishwa na urefu. Kwa hiyo mtu mwenye mikono na miguu myembamba lakini tumbo liko mbele asijifariji na mizani.

Orodha ya madhara ni ndefu: kiharusi, ini lenye mafuta hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja pombe, pumzi kukatika usingizini, gauti, vijiwe vya nyongo, magoti na mgongo kuuma. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaja aina 13 za saratani zinazohusiana na mafuta ya mwili kupita kiasi, zikiwemo za utumbo mpana, ini, kongosho, mji wa mimba, na ya matiti kwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Wanawake hao wanahitaji kujiangalia kwa namna ya pekee, kwa sababu homoni ya kike ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga huanza kuhamia tumboni hata kama chakula hakijaongezeka.

Na kuna hili ambalo wanaume huliuliza pembeni, kwa sauti ya chini. Mafuta ya tumboni hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa ya kike, na mishipa midogo ya uume huharibika mapema kuliko ile ya moyo. Mwanamume wa miaka 40 mwenye kitambi, anayehangaika na dawa za kuongeza nguvu za kiume, akapime kwanza presha na sukari. Upungufu huo unaweza kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kutoka kwenye moyo wake.

Hatua ya kwanza: pima, na uhakikishe ni mafuta kweli

Tafuta futi kamba ya fundi cherehani. Pima asubuhi kabla ya kula, baada ya kwenda haja, tumbo likiwa wazi. Papasa ubavuni upate mfupa wa mwisho wa mbavu, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hizo mbili ndipo futi inapopita, ikiwa imenyooka sawa na sakafu pande zote, mgongoni pia. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, kisha usome. Namba ya suruali haisaidii kitu hapa, maana wanaume wengi hufunga mkanda chini ya kitambi na miaka inapita wakiendelea kusema wanavaa 34.

Kwa wanaume, hatari huanza kwenye sentimita 94 na huwa kubwa ikipita 102. Kwa wanawake ni 80 na 88. Wanaume wenye asili ya Asia Kusini, na tunao wengi Afrika Mashariki, wahesabu kuanzia 90. Kuna njia nyingine fupi ninayoipenda kwa sababu haihitaji namba yoyote: kata kamba iliyo sawa na urefu wako, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu na una kazi ya kufanya.

Siku hiyohiyo au wiki hiyo, nenda kituo cha afya upime presha na sukari kabla hujala. Ukiweza, pima na lehemu. Kama tayari unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usianze kupunguza chakula kabla ya kuongea na daktari wako, kwa sababu dozi ile ile pamoja na chakula kidogo inaweza kukuangusha. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kurekebishwa kadiri unavyopungua.

Hapa kuna jambo nalotaka ulisome polepole. Si kila tumbo kubwa ni kitambi. Tumbo linalokua ndani ya wiki chache huku uso na mikono vikikonda, tumbo lenye kitu kigumu upande mmoja, tumbo linaloambatana na miguu kuvimba au macho kuwa ya njano, hilo ni la hospitali. Yanaweza kuwa maji yaliyojaa kwa sababu ya ugonjwa wa ini, au kichocho cha tumbo kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria na mabwawa. Kwa mwanamke inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi au kwenye ovari, hasa kama hedhi imebadilika. Mwezi mmoja wa kunywa chai ya kupunguza tumbo kwa mtu wa namna hii ni mwezi mmoja uliopotea.

Hatua ya pili: chupa ya mafuta

Nunua lita moja ya mafuta ya kupikia. Chukua maka peni, andika tarehe kwenye chupa. Pikeni kama siku zote, na siku itakapoisha andika tarehe ya pili. Kama mnanunua ya kupima dukani, weka alama ukutani kila kipimo kinapoingia ndani.

Sisi tuko wanne, na lita yetu iliisha kwa siku nne.

Tulikaa mezani tukapiga hesabu. Lita moja kwa watu wanne kwa siku nne ni mililita 62 hivi kwa kila mtu kila siku. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo kila mmoja wetu, pamoja na mtoto wa darasa la tano, alikuwa anakula zaidi ya kalori 500 za mafuta ya chupa kwa siku, na hakuna aliyeyaona. Yalikuwa kwenye maharage, kwenye mchicha, kwenye wali, kwenye chapati. Mimi niliyekuwa na kilo 89 ningehitaji kutembea zaidi ya saa moja na nusu kila siku kuzichoma hizo tu. Ndipo nilipoelewa kwa nini miezi mitatu niliyowahi kukimbia alfajiri haikunipunguza kitu.

Mabadiliko tuliyofanya ni haya. Tuliacha kumimina kutoka kwenye chupa. Mafuta yanapimwa kwa kijiko cha chakula, na kijiko kimoja kina kalori 120 hivi. Sufuria ya mboga ya familia inapewa vijiko viwili. Kitunguu kinakaangwa kwa moto mdogo na mfuniko juu, kikianza kushika chini unaongeza maji kidogo, si mafuta. Mchicha na matembele vinaiva kwa maji yake vyenyewe. Samaki anachomwa au anapikwa mchuzi badala ya kuzamishwa kwenye karai. Dagaa wanaoshwa, wanakaushwa kwenye kikaango kikavu, kisha wanawekwa nyanya na kitunguu. Maharage yanaungwa kwa tui jepesi, na tui zito tumelibakiza kwa siku za wageni, kwa sababu nazi nayo ni mafuta. Chapati zimekuwa za Jumapili.

Wiki ya kwanza mchicha ulikosa ladha kweli, na mwanangu mkubwa aliusukuma pembeni. Mke wangu ndiye aliyelitatua: akatwanga vitunguu saumu vinne na kipande cha tangawizi, akaviweka dakika ya mwisho, akakamulia ndimu mezani. Sahani ilirudi tupu. Nakuomba usifidie ladha kwa chumvi wala vile vidonge vya kuungia mchuzi. WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na kwa mwenye presha hilo si la kupuuza.

Baada ya miezi miwili lita ilikuwa inakaa siku kumi. Hiyo ni kalori 200 hivi kwa mtu kwa siku badala ya 500, na pesa imebaki mfukoni. Kama mpishi nyumbani kwako si wewe, usiende jikoni kutoa amri. Kaeni wote, andikeni tarehe pamoja, pigeni hesabu pamoja. Nyumba nzima inapungua au hakuna anayepungua.

Hatua ya tatu: vya kunywa

Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, karibu vijiko vinane vya chai. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana isizidi 25. Sasa hesabu chai: vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu, tayari una gramu 36 hivi kabla hujagusa soda. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi ulizoea baada ya mwezi mmoja, na sasa chai ya vijiko vitatu siwezi kuimaliza. Chai ya rangi yenye iliki, mdalasini au mchaichai haihitaji sukari nyingi.

Juisi inawadanganya wengi kwa sababu ni ya matunda. Glasi moja ya juisi ya embe au pasheni imebeba sukari ya matunda kadhaa bila nyuzinyuzi zake, na juu yake tumeongeza ya kwetu. Kula embe, kula papai, kula tikiti, yakitafunwa yanashibisha. Juisi ya miwa ni sukari iliyoyeyuka, haina namna nyingine ya kuiita.

Bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi. Tatizo halikomei hapo: pombe ikiwa ndani, ini huishughulikia kwanza na kusitisha uchomaji wa mafuta, huku mezani kuna nyama choma, chipsi na stori za mpaka saa sita usiku. Anayekunywa na asiyetaka kuacha aanze kwa kufuta siku za katikati ya wiki zote.

Hatua ya nne: sahani

Kwetu mboga ni chochote kinacholiwa na ugali, hata nyama. Hapa naposema nusu ya sahani iwe mboga namaanisha majani na vya bustani: mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, mlenda, kabichi, bamia, bilinganya, kachumbari. Robo iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au viazi, na kwa ugali kipimo ni ngumi yako mwenyewe.

Najua jinsi ngumi moja inavyoonekana ndogo kwa mtu aliyezoea mlima. Siri iko kwenye mpangilio: pakua majani kwanza, kisha maharage au samaki, na ugali uwe wa mwisho kuingia kwenye nafasi iliyobaki. Kula mboga na protini dakika za mwanzo. Subiri dakika kumi na tano kabla ya kuongeza, kwa sababu tumbo huchelewa kuupa ubongo habari. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki ndani na linashibisha zaidi, ila mlima wa dona bado ni mlima.

Unayekula kwa mama ntilie hujafungiwa mlango. "Mama, wali nusu, maharage ongeza, na mboga za majani nyingi." Nimelisema kila siku ya kazi, na baada ya wiki mbili alikuwa ananipakulia bila kuuliza. Kilichonishinda mwanzoni ni chipsi mayai za saa mbili usiku baada ya foleni, nikiwa na njaa ya saa saba. Dawa yake ilikuwa kubeba kitu cha saa kumi jioni: yai la kuchemsha, konzi moja ya karanga, au ndizi mbivu. Mwenye njaa kali hachagui chakula.

Asubuhi, badala ya maandazi matatu na chai, jaribu kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha pamoja na yai au maharage yaliyobaki jana. Anayependa kuruka mlo wa asubuhi na kula ndani ya saa nane tu za siku anaweza, na wengine huwasaidia, lakini faida yake inatokana na kula kidogo kwa jumla. Ukiruka asubuhi halafu ukalipiza jioni hujafanya kitu. Ndicho kinachotokea kwa wengi mwezi wa Ramadhani: mchana mtupu, halafu futari ya sambusa, kachori, vitumbua, tambi za sukari na jagi la juisi. Fungua kwa tende chache na maji, kula uji usio na sukari nyingi, swali, ndipo urudi kwenye sahani ya kawaida.

Hatua ya tano: miguu na misuli

Mwaka 1984 watafiti Marekani walichapisha jaribio la wanaume 13 waliopiga sitapu 5,004 katika siku 27. Walichukua vipande vidogo vya mafuta kutoka tumboni, mgongoni na kwenye makalio, kabla na baada. Mafuta ya tumboni hayakupungua kuliko ya sehemu nyingine. Mwili hauchomi mafuta pale unapofanyia kazi. Unachukua kutoka kwenye ghala lote. Sitapu zitakukaza misuli ya tumbo na kitambi kitabaki palepale.

Kinachofanya kazi ni kutembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. WHO inashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Shuka kituo kimoja au viwili kabla ya kwako. Usipande bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi. Tembea dakika kumi na tano baada ya chakula cha jioni. Sukari ya damu hushuka kwa matembezi hayo mafupi kuliko unavyofikiri. Vikundi vya jogingi vya Jumamosi na Jumapili alfajiri ni vizuri kwa sababu ya watu, ila mwenye kilo nyingi aanze kwa kutembea pembeni yao mwezi mzima ili magoti yazoee.

Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu. Huhitaji jimu: simama na kukaa kwenye kiti mara 12, pushapu za ukutani, kisha nyanyua ndoo ya maji yenye lita kumi kila mkono. Rudia mara tatu. Misuli hutumia sukari nyingi ya damu, na mtu anayepungua bila kuitumia huipoteza pamoja na mafuta.

Hatua ya sita: usingizi

Lala kwa muda wa saa saba au zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha jaribio dogo la vijana wenye afya waliolala saa nne tu kwa usiku kwa wiki mbili: walikula zaidi, na mafuta ya ndani ya tumbo yakaongezeka kwa asilimia 11. Anayekoroma na pumzi kukatika, mwambie daktari, maana hata akilala saa nane mwili wake haujapumzika.

Vitu vinavyokula pesa yako

Maji ya ndimu ya vuguvugu ni maji. Mikanda ya kutoa jasho inatoa maji yanayorudi ukinywa glasi mbili. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu ya choo na maji, mafuta yako palepale, na ukiendelea madini ya potasiamu yanapungua mpaka moyo unapiga vibaya. Vidonge vinavyoitwa vya asili navyo vimewahi kukutwa vimechanganywa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi.

Sindano mpya za kupunguza uzito, za semaglutidi, zinafanya kazi kweli, na kwa baadhi ya wagonjwa ni msaada mkubwa. Lakini ni dawa ya daktari, yenye kipimo na ufuatiliaji, na Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari ya dunia juu ya sindano bandia za aina hiyo. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni.

Kwa dada na mama aliyejifungua: kufunga tumbo kwa kanga kunakupa nguvu ya mgongo, hakuchomi mafuta. Usijinyime chakula ukiwa unanyonyesha. Kama miezi kadhaa imepita na ukijiinua kutoka kitandani unaona tumbo linachomoza kama tuta katikati, misuli imeachana. Muone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuanza sitapu, kwa sababu zinaweza kuliongeza pengo.

Utegemee nini, na lini

Nusu kilo kwa wiki inatosha, kilo moja ni mwisho. Mafuta ya ndani ndiyo hutangulia kuondoka, kwa hiyo presha na sukari hushuka kabla mtu hajakuambia umepungua, na mkunjo wa nje hubaki nyuma. Usikate tamaa kwa sababu ya kioo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari na waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito, pamoja na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kitu.

Mimi mwezi wa tatu nilikuwa nimepungua sentimita 5. Mwezi wa tano futi ilikataa kusogea kwa wiki sita nzima; nilipochunguza, ugali ulikuwa umerudi taratibu kutoka ngumi moja hadi mbili. Mwezi wa kumi nilikuwa na sentimita 91, kilo 78, presha 128/82 na sukari 5.5. Mke wangu analala mpaka asubuhi. Nusu ya urefu wangu ni 85, sijafika, bado naendelea.

Napima Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na mstari wangu ni 94. Januari iliyopita, baada ya wiki mbili za sherehe na safari ya nyumbani kwa wazazi, futi ilisoma 95. Jioni hiyo nilipita dukani nikanunua lita moja ya mafuta, nikaiweka mezani mbele ya watoto, na mdogo akaenda mwenyewe kuchukua maka peni aandike tarehe.